Asaimenti ya soketi imekukwamisha: uulize wapi mtandaoni?

Mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa pili au wa tatu, awe Dodoma, Kijitonyama au Juja, ni nadra amalize bila kukutana na asaimenti ya namna hii: andika programu ya kuchati kwa Python, C au Java, seva moja (programu inayosubiri kupokea), klaienti kadhaa (zinazounganika nayo), ziongee kupitia soketi, yaani ncha ya mawasiliano ya programu, kwa TCP, utaratibu wa kupelekeana data mtandaoni. Maelezo yenyewe ni nusu ukurasa. Usiku wa kwanza mambo yanaenda, wa pili yanagoma, na mtu anashika simu kutafuta wa kumuuliza.

Wa kuulizwa siku hizi ni wengi hadi kuchagua kwenyewe ni kazi. Hapa nalinganisha njia tano: Stack Overflow, jamii za Reddit na Discord, grupu la darasa la WhatsApp au Telegram, akili mnemba kama ChatGPT, Gemini au Claude, na mtu wa kulipwa. Kila moja ina wanaoisifia na wanaoiponda, na ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba walikwama mahali tofauti. Aliyekwama kwa sababu haelewi TCP inafanyaje kazi, na aliyekwama kwa sababu WiFi ya hosteli inamzuia, hawawezi kusaidiwa na mtu yuleyule.

Ili tusiongee hewani, tuchukue kosa moja tulipitishe kwa wote watano. Klaienti inatuma "Habari", na papo hapo inatuma "Mambo vipi". Seva inasoma kwa `conn.recv(1024)`, amri ya kupokea hadi baiti 1024 kwa mara moja, kisha inachapisha "HabariMambo vipi", meseji moja badala ya mbili. Ukijaribu tena zinakuja sawa. Ukijaribu mara nyingine zimeungana. Hakuna maandishi mekundu popote, programu haijafa, ila inakudhalilisha tu.

Chanzo chake ni kwamba TCP ni mkondo wa baiti. Waraka uliouweka utaratibu huo, RFC 793 wa mwaka 1981, na RFC 9293 ulioshika nafasi yake mwaka 2022, unaahidi kwamba baiti zitafika zote na kwa mpangilio. Wapi meseji yako inaanzia na wapi inaishia, hilo haulijui na halimo katika ahadi. UDP, utaratibu mwingine wa kutuma data, ndiyo inayotunza mipaka ya kila kifurushi, lakini nayo haikuhakikishii kwamba kifurushi kitafika. Kwa hiyo tiba ni kuweka mipaka mwenyewe: ama alama ya mstari mpya mwishoni mwa kila meseji, ama baiti 4 za urefu mwanzoni, kisha seva isome kwa kuzunguka mpaka urefu utimie. Jibu lisilofika hapo ni kiraka.

Vigezo

Nitaangalia mambo matano: kasi ya kupata jibu, usahihi wake, gharama na lugha, usalama wako mbele ya chuo, na kile kitakachobaki kichwani baada ya kukusanya. Hayana uzito sawa. Mimi naupa usahihi na hicho cha mwisho uzito mkubwa, kwa sababu asaimenti za soketi nyingi huishia kwenye presentesheni, na mhadhiri hakosi kunyoosha kidole kwenye mstari mmoja na kuuliza, "Hapa umefanya nini?"

Kasi

Akili mnemba haina mpinzani hapa. Unabandika kodi (maandishi ya programu yako), sekunde chache jibu liko mbele yako, hata saa tisa usiku.

Grupu la darasa lina tabia yake. Wiki moja kabla ya siku ya kukusanya ni tiki za bluu na ukimya. Usiku wa mwisho kila mtu yuko macho na majibu yanamiminika, mengine yakipingana. Discord inategemea nani yuko hewani, na hapo saa zetu zinatusaidia: saa nane usiku Dodoma ni saa moja jioni New York wakati wa kiangazi, watu ndio wanatoka kazini na kufungua kompyuta zao. Reddit ni ya polepole zaidi, ulize usiku usome asubuhi.

Stack Overflow inaeleweka vibaya kuliko zote katika kigezo hiki. Iko tangu 2008 na kosa letu limeshaulizwa pale kwa Python, kwa C, kwa Java na kwa lugha nyingine. Njia ya haraka ni kutafuta. Ukiuliza upya, swali litafungwa kwa kuwa ni marudio, utaachiwa kiungo cha lile la zamani, na utaondoka ukidhani umefukuzwa kumbe umejibiwa. Mtu wa kulipwa ni wa kupatana naye kwanza: bei, saa, nani alipe lini. Akiwa mzuri amejaa kazi.

Usahihi wa jibu

Hapa ndipo tofauti zinapoonekana, na naomba tukae kidogo.

Grupuni, mtu atakuandikia: "Weka `time.sleep(1)`, programu ilale sekunde moja kati ya meseji mbili, na `recv` uipandishe iwe 4096." Utaweka, na itakubali. Utamtumia emoji ya moto. Siku ya presentesheni mhadhiri anataka seva iwe kwenye laptopu moja na klaienti kwenye nyingine, tena anabandika aya ndefu ya herufi elfu tatu, na seva inasoma nusu tu. Nyumbani hukuliona hilo kwa sababu ulikuwa unajaribu ndani ya kompyuta moja. Kwenye Linux, njia ya ndani ya mashine, ile ya 127.0.0.1, inapitisha hadi baiti 65,536 kwa mkupuo, wakati mtandao wa kawaida wa Ethernet au WiFi unapitisha 1,500. Aya iliyopita nzima chumbani inakatwa vipande darasani. Kulala kwa sekunde moja hakutibu kitu.

Lakini grupu hilohilo lina elimu ambayo hakuna mwingine anayo. Tuseme laptopu mbili haziongei kabisa. Klaienti inasubiri, inasubiri, kisha inakata kwa kuisha muda. Akili mnemba itaanza kukubadilishia kodi, raundi baada ya raundi, kwa sababu kodi ndiyo pekee inayoiona. Mwenzako wa chumba cha jirani ataandika mstari mmoja: "Hiyo WiFi ya hosteli hairuhusu kompyuta kuonana, washa hotspoti ya simu." Anajua pia toleo la Python lililoko maabara, anajua kwamba ukuta wa moto wa Windows umezuia poti (namba ya mlango ambao seva inasikilizia), na anajua mhadhiri anataka nini aliposema "iwe ya watumiaji wengi". Kwa mazingira, grupu ndilo bingwa.

Kuna kipimo kidogo cha kujua kama tatizo lako ni la mazingira. "Connection refused" maana yake umefika kwenye mashine ila hapo pa kugonga hapana anayesikiliza: seva haijawashwa, poti siyo, au seva uliifunga kwenye 127.0.0.1, inayosikiliza ndani ya mashine tu, badala ya 0.0.0.0, inayosikiliza na kutoka nje. Muda kuisha bila jibu kwa kawaida ni dalili kwamba pakiti zinapotelea njiani, na hapo usimlaumu `recv`.

Akili mnemba, kwa kosa letu la meseji kuungana, mara nyingi hupiga penyewe. Itakutajia mkondo wa baiti na itakuandikia `struct.pack('!I', urefu)` bila kuombwa. Udhaifu wake uko pembeni. Kwanza, ukiipa nusu ya kodi, nusu nyingine inaibuni. Pili, ni nyepesi kukubaliana na wewe: anza kwa kusema "nadhani bafa yangu ni ndogo", yaani ile nafasi ya kupokelea, na inaweza kukupandishia ile 1024 ya `recv` kuwa 4096 na kukupongeza kwa uchunguzi mzuri. Tatu, inamimina. Uliomba mistari kumi, unapewa mia na hamsini yenye nyuzi, madarasa na vishikizi vya hitilafu ambavyo hamjafundishwa.

Stack Overflow ina kura na wakosoaji. Jibu la kijinga linapigwa chini hadharani, na hilo ni jambo kubwa. Tangu Desemba 2022, siku chache baada ya ChatGPT kutoka, walipiga marufuku majibu yaliyoandikwa na akili mnemba. Tahadhari ni umri: majibu mengi ya soketi yaliandikwa enzi za Python 2, ambapo ulituma maandishi moja kwa moja. Ukiyanakili kwenye Python 3 utapokewa na "a bytes-like object is required, not 'str'", na umejipatia tatizo la pili. Angalia tarehe, kisha soma na maoni yaliyo chini ya jibu.

Reddit na Discord hukujibu kwa maswali. "Umechapisha `repr()` ya kilichofika?" "`recv` imerudisha baiti ngapi?" Wengine inawaudhi. Kwa maoni yangu huo ndio msaada wenyewe, maana ukishaona `b'HabariMambo vipi'` mbele ya macho yako, nusu ya jibu umeipata mwenyewe.

Mtu wa kulipwa ni bahati nasibu mpaka umjaribu. Muulize kabla ya kutoa hela: "Kwa nini meseji mbili za TCP zinaungana?" Akijibu kwa kusema mtandao wenu ni wa polepole, mshukuru na uondoke.

Na kote huko, usahihi wa jibu unafuata usahihi wa swali. "Kodi yangu ya soketi haifanyi kazi, nisaidieni jamani, nakusanya kesho" haina jibu popote. Linganisha na hili: "Python 3, Ubuntu. Klaienti inatuma mara mbili kwa `sendall`. Seva inapata zote mbili kwa `recv` moja. Nilitegemea `recv` mbili. Nimeongeza bafa, hakuna badiliko. Mistari 12 inayoonyesha tatizo hii hapa." Hilo la pili litajibiwa grupuni, litajibiwa Discord, na mashine italijibu vizuri zaidi. Na kodi itumwe kama maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye mwanga wa taa katikati, inafukuza wasaidizi.

Gharama na lugha

Nne za kwanza zinapatikana bure, ukiacha bando. Akili mnemba zina matoleo ya kulipia, lakini kwa asaimenti ya soketi la bure linatosha. Mtu wa kulipwa ni pesa taslimu, na kama bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) halijaingia hilo peke yake linamaliza mjadala.

Kwa lugha, Stack Overflow ina matawi ya Kihispania, Kireno, Kirusi na Kijapani. La Kiswahili halipo, kwa hiyo utauliza kwa Kiingereza. Reddit na Discord nako ni hivyohivyo kwa sehemu kubwa. Grupuni unaandika unavyoongea, Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika, na hakuna anayekusahihisha. Akili mnemba inaelewa Kiswahili vya kutosha kukuelezea dhana, ingawa maneno ya kiufundi wakati mwingine inayatafsiri kwa namna ambayo hujawahi kuisikia darasani. Iambie tu ibaki na majina mliyofundishwa.

Usalama wako mbele ya chuo

Wahadhiri wa programu wana vifaa vya kulinganisha kodi. Kinachojulikana zaidi ni Moss, alichokitengeneza Alex Aiken mwaka 1994 na kinachopatikana kupitia Stanford. Hakidanganyiki kwa kubadilisha majina ya vigeu au kuongeza maelezo, maana kinaangalia umbile la kodi. Hapa grupu la darasa, ambalo tumelisifia, linakuwa ndilo la hatari kuliko yote. Mmoja akitupia faili lake zima "muangalie tu", kesho kuna kazi nane zenye umbile moja, na yeye aliyetoa anaitwa pamoja na waliochukua. Omba maelezo, omba mistari mitano, usiombe faili.

Stack Overflow na Reddit ni hadharani, na mhadhiri anajua kutafuta. Usibandike swali zima la asaimenti na namba ya somo juu yake. Jua pia kwamba swali la Stack Overflow likishapata jibu lililopigiwa kura, huwezi kulifuta mwenyewe. Kodi ya pale iko chini ya leseni inayotaka umtaje aliyeiandika, kwa hiyo ukichukua kipande, weka kiungo kwenye maelezo ya kodi yako. Kumtaja mtu hakukupunguzii heshima, na kunakuondoa kwenye shutuma. Jamii ya r/learnprogramming hairuhusu kupeana suluhisho kamili, na Python Discord ina kanuni kwamba kazi ya shule unasaidiwa kujifunza kuifanya, hufanyiwi. Ukiwa unaogopa kuvuka mstari bila kujua, hao wamekuchorea.

Akili mnemba iko katikati ya ukungu. Somo moja linaruhusu mradi useme umeitumia, jingine linakataza kabisa, tena ndani ya idara moja. Soma maelezo ya somo au mwombe CR, kiongozi wa darasa, amuulize mhadhiri.

Kwa mtu wa kulipwa, tenganisha mambo mawili. Anayekaa na wewe Google Meet akikufundisha ni mwalimu, na kwa kawaida chuo hakina ugomvi na mwalimu. Anayekuandikia kazi ukaipeleka kwa jina lako ni habari nyingine. England imefanya kuuza huduma hiyo kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2022, Australia ilitangulia mwaka 2020, na Kenya inajulikana duniani kwa vijana wengi wasomi wanaoishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Wapo hodari sana, sibishi. Lakini ukishampa mgeni nywila ya pota yako ya chuo ili "akusanye moja kwa moja", umempa na kamba ya kukufungia.

Kinachobaki kichwani

Rudi kwenye kile kidole cha mhadhiri. "Hizi baiti nne za mwanzo za nini?" Aliyeulizwa maswali Discord mpaka akaona mwenyewe anajibu bila kutafuta maneno. Aliyesoma jibu la Stack Overflow na kulirekebisha liingie kwenye kodi yake anajibu pia, kwa sababu jibu la pale ni nadra kuingia bila kuguswa. Aliyefundishwa na mwalimu wa kulipwa anaweza kujibu kuliko wote, mradi kibodi ilikuwa mikononi mwake. Wa grupuni inategemea alipewa nini: maelezo au faili.

Kwa akili mnemba nimeona pande zote mbili, na kinachotofautisha ni namna ya kuomba. "Niandikie" inazaa mistari mia na hamsini ambayo mwenyewe huwezi kuitetea. "Usinipe kodi. Nieleze kwa nini `recv` moja inaweza kuleta meseji mbili, halafu niulize swali kuona kama nimeelewa" inazaa kitu kinachofanana na mwalimu mvumilivu asiyechoka kuulizwa jambo lilelile. Kifaa ni kimoja.

Nani aende wapi

Una ujumbe kamili wa hitilafu, tuseme "[Errno 98] Address already in use"? Utafute kama ulivyo, utaangukia Stack Overflow. Utakuta kwamba ama seva ya zamani bado inaendelea, ama Linux imeishikilia anwani kwa takriban dakika moja baada ya kufunga, na kwamba kuwasha mpangilio wa `SO_REUSEADDR` kabla ya `bind` (amri ya kuifunga seva kwenye anwani) kunamaliza hiyo ya pili. Swali hili halina haja ya kumsumbua mtu.

Programu inakwenda kwenye mashine moja lakini mbili haziongei? Grupu la darasa, na taja uko kwenye mtandao gani.

Umelibana kosa mpaka likabaki kwenye mistari michache, ila tabia yake haikuingii akilini? Discord kama unataka mazungumzo, Reddit kama una siku mbili za kusubiri. Nenda na Kiingereza cha kawaida, hawataki insha.

Dhana yenyewe ndiyo inakupiga chenga, kodi hujaigusa? Akili mnemba, kwa ile namna ya "usinipe kodi", ukiwa na noti zako pembeni za kulinganisha.

Tangu wiki ya pili ya semista hujaelewa, na sasa unaogopa sapu (mtihani wa marudio)? Hapo maswali ya kipande kipande yatakuchosha bure. Mwalimu wa kulipwa kwa saa chache, au msaidizi wa maabara ambaye humlipi na wengi hawamtumii, atakurudisha kwenye msingi: soketi ni nini, `bind`, `listen`, `accept`, kisha ndipo meseji.

Unakusanya kesho saa nne asubuhi na hakuna kinachokwenda? Punguza. Acha watumiaji wengi, fanya klaienti moja na seva moja ziongee na meseji zitenganishwe kwa mstari mpya, jambo linalowezekana usiku mmoja kwa msaada wa akili mnemba kwenye kipande hicho kimoja, kama somo linaruhusu. Kisha andika kwenye faili la maelezo ni sehemu gani imekamilika, ipi haijakamilika, na nani alikusaidia wapi.